fMRI au EEG: kipi kinafaa kuchunguza ubongo unapoona?

Kwa swali la "wapi" ndani ya ubongo kazi inafanyika, fMRI, yaani upigaji picha wa ubongo kwa mashine ya sumaku, ina nguvu zaidi. Hufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu na kutofautisha maeneo ya milimita chache tu. Kwa njia hiyo mwanasayansi wa ubongo Nancy Kanwisher na wenzake walieleza, mwaka 1997, eneo la ubongo linaloitikia nyuso kuliko vitu vingine. Lakini damu ina mwendo wake: mwitikio hufikia kilele sekunde 5 hivi baada ya picha kuonekana, wakati ubongo umeshaitambua zamani.

Hapo, kwa swali la "lini", ndipo EEG inaposhinda. Elektrodi (vipokezi vidogo vya umeme) zilizowekwa kichwani hunasa umeme wa ubongo kwa kipimo cha milisekunde, na mtu akionyeshwa uso, wimbi liitwalo N170 hujitokeza takriban milisekunde 170 baadaye, hasa pande za nyuma za kichwa. Udhaifu wake ni kwamba fuvu hutawanya umeme huo, hata chanzo chake halisi kikawa cha kukadiria.

Kwa gharama na matunzo, EEG ni nafuu mno: hudai jeli, elektrodi safi na subira, ilhali sumaku ya fMRI kwa kawaida hupozwa kwa heli ya kimiminika ndani ya chumba maalumu. Mtoto mchanga aliye macho huvumilia kofia ya elektrodi. Kutulia tuli ndani ya mashine yenye kelele ni shida kwake.

Mimi ningechora ramani ya gamba la kuona, yaani tabaka la nje la ubongo linaloshughulikia kuona, kwa fMRI, na kufuatilia hatua za utambuzi kwa EEG. Maabara yenye fedha kidogo na ianze na EEG, mradi maswali yake yawe ya "lini".