Kutoa nywele za miguu kwa sukari: uzoefu wangu kwa ngozi isiyostahimili wembe

Naandika kwa ajili ya wenzangu ambao wembe ukipita tu mguuni, kesho yake ni vipele, na kila kipele kikipona kinaacha doa jeusi. Mimi sasa natumia sukari, na sioni cha kunirudisha kwenye wembe.

Nywele zangu ni za kujisokota hata miguuni. Wembe ukizikata, ncha hubaki kali, hujipinda na kuchimba ngozi badala ya kutoka nje. Hapo ndipo vinapoanza vile vipele vyenye usaha kwenye muundi, na mwasho usiokuacha ulale. Krimu za kuyeyushia nywele nilizijaribu pia. Dawa iliyomo huvunja keratini, yaani protini inayojenga unywele, na tabaka la juu la ngozi nalo limejengwa kwa keratini, ndiyo maana boksi linasisitiza usizidishe dakika. Kwangu miguu iliwaka moto hata kabla ya dakika hizo kutimia. Waksi ya moto iling'oa nywele vizuri, lakini ilishika na ngozi yenyewe, nikabaki na mabaka yaliyochubuka.

Sukari haina mambo mengi: sukari, maji na ndimu. Asidi ya ndimu huvunja sehemu ya sukari iwe glukosi na fruktosi, yaani sukari mbili nyepesi, kwa hiyo haigandi chengachenga, inabaki kuvutika. Inapikwa kama shira mpaka ipate rangi ya asali, kisha inaachwa ipoe. Wanawake wa Mashariki ya Kati wanaitumia tangu zamani. Fundi wangu ni dada wa Kizanzibari aliyejifunza kazi hiyo Muscat, na hunifuata nyumbani hapa Dar es Salaam.

Tofauti kubwa nimeiona kwenye mkono wake. Anaosha miguu, anaikausha, anapaka poda kidogo inyonye jasho. Anachukua donge la sukari lenye uvuguvugu tu, analisambaza kwa vidole kutoka chini kwenda juu, yaani kinyume na nywele zilivyolala. Kisha analivuta kwa mnyakuo mfupi kuelekea chini, upande ule ule nywele zinakoelekea, mkono wa pili ukiivuta ngozi isilegee. Waksi niliyozoea saluni ilivutwa kinyume. Unywele ukitoka kwa kufuata njia yake haukatiki ovyo katikati, na ule uliokatika ndio unaorudi kuota kwa ndani. Sukari nayo haiing'ang'anii sana ngozi hai, na mabaki yake yanatoka kwa maji ya vuguvugu bila kusuguliwa.

Inauma, nisiwadanganye. Muundi na nyuma ya goti machozi yanaweza kutoka. "Pumua mdogo wangu, usijikaze," ndivyo anavyoniambia kila akifika hapo, na kweli mguu ukilegea maumivu yanapungua. Baada ya hapo ngozi inakuwa na vidoti vyekundu, na asubuhi yake vimeshatulia. Vipele vya usaha sijaviona tena. Nywele zinachukua wiki tatu hivi kurudi, na zinarudi laini. Madoa ya zamani yanafifia polepole, na kwa hilo nafurahi kuliko hata hizo nywele kuondoka.

Kuna kero. Lazima uache nywele zifike kama nusu sentimita, vinginevyo sukari haina pa kushika, na siku hizo inabidi uvumilie. Joto la Januari na Februari linailainisha sukari mpaka inanata vidoleni, kwa hiyo tafuta chumba chenye kiyoyozi. Kuanzia goti kushuka chini nalipa shilingi elfu 25, ghali kuliko wembe. Unaweza kupika mwenyewe, ila shira inayochemka ina joto kupita maji ya moto na inaganda pale ilipodondokea. Ukiwa na watoto jikoni, usipike.

Siku ya kwanza sipaki kitu chenye manukato wala sivai suruali ya kubana, navaa dera. Baada ya siku mbili tatu nasugua taratibu kwa dodoki laini, halafu losheni isiyo na harufu.

Kama unapaka dawa ya ngozi yenye tretinoini (hutumika kwa chunusi na madoa), usifanye kabisa, ngozi itachunika. Mwenye kidonda, pumu ya ngozi iliyoamka, au kisukari kilichopunguza hisia za miguu, amwone daktari kwanza. Ngozi nyeti iwe yoyote, jaribu sehemu ndogo siku moja kabla, maana hata ndimu huwasha wengine. Na mwangalie fundi: donge lililotumika kwako litupwe mbele yako, lisirudi koponi kumsubiri mteja mwingine.