Ringi na spoku za pikipiki ya safari: ununue zipi ukiwa Mwanza

Ringi ya mbele ikishapinda, swali la kwanza kwa wengi ni bei. Mimi nasema anza na rula. Kabla hujapiga simu Dar au Nairobi, na kabla fundi hajagusa hata spoku moja, lijue gurudumu lako kwa vipimo. Kwenye biashara hii hela nyingi hupotea kwa kununua kitu kizuri kisichokaa mahali pake.

Kwenye ringi pamegongwa maandishi kama 21x1.60 au 18x2.15. Namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, ya pili ni upana wa ndani pale tairi linapokaa. Honda XL125 na Yamaha DT125 zinavaa inchi 21 mbele. Honda XR150L inavaa 19 mbele na 17 nyuma. Honda CRF1000L Africa Twin na Yamaha Ténéré 700 ni 21 na 18, BMW R 1200 GS ni 19 na 17. Hesabu matundu ya spoku (mara nyingi ni 36, lakini usikariri, hesabu), kisha angalia yalivyoelekea. Kila tundu limetobolewa kwa pembe inayoifuata habu (kitovu cha gurudumu) ya pikipiki husika. Ringi iliyotobolewa kwa habu ya Honda ukiilazimisha kwenye habu ya Yamaha, spoku zitajikunja pale zinapoingia kwenye nati, na hapo ndipo zitakapokatika. Muuzaji akikwambia "inaingia tu hiyo, bosi", mwombe aitie spoku mbili mbele yako uone zimekaaje.

Kuna kipimo kingine ambacho watu hukikumbuka kimeshapotea. Ringi nyingi haziko katikati kabisa ya habu. Zimesogezwa kidogo upande mmoja kupisha disbreki au spoketi. Gurudumu likiwa bado limefungwa spoku zake zote, laza chuma kilichonyooka juu ya uso wa habu pale disbreki inapofungwa, pima umbali hadi ukingo wa ringi, andika, piga picha. Spoku zikishakatwa, kipimo kimeondoka nazo, fundi anabaki kukisia, na wewe unarudi barabarani na pikipiki inayovuta upande. Hifadhi pia spoku moja ya kila aina: ya ndani na ya nje, ya kulia na ya kushoto. Urefu na kona zake hutofautiana, na hakuna muuzaji atakayekuelewa kwa simu vizuri kuliko spoku yenyewe ikiwa mezani kwake.

Sasa mpangilio wa machaguo, la kwanza likiwa bora. Nimepanga kwa mtu anayetoka mjini na mzigo, anapita Sengerema na Geita, au anazunguka Bunda kwenda Ukerewe, halafu Jumatatu anaitumia pikipiki hiyohiyo kwenda kazini. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu anavuka bila kusubiri kivuko, anakimbia kwenye lami, kisha anaingia changarawe na mawe akiwa bado na kasi ya lami. Hapo ndipo ringi zinapoumia.

Namba 1: ringi mpya ya alumini ngumu, spoku za chuma cha pua, habu yako mwenyewe

Hili ndilo chaguo langu kwa pikipiki yoyote kuanzia cc 200 hadi 1000. Habu ya kiwandani huwa haina tatizo. Badilisha beringi zake kama zina mlio, iache. Kinachochoka ni ringi na spoku. Takasago wa Japani wanaotengeneza Excel, DID wa hukohuko Japani, na SM Pro wa Uingereza wanauza ringi tupu za alumini zilizotobolewa kwa habu za pikipiki zinazojulikana, na unapoagiza unataja aina na mwaka wa pikipiki yako. Alumini ya ringi hizi ni ngumu kuliko ya ringi nyingi zinazokuja na pikipiki, kwa hiyo jiwe ambalo lingeacha bonde ukingoni linaweza kuacha mkwaruzo tu.

Ila ujue ugumu una upande wa pili. Ringi ngumu ikipigwa kupita uwezo wake hupasuka, na ikishapasuka imekwisha. Usikubali ichomelewe. Pia usiongeze upana kwa tamaa. Ukiweka tairi jembamba kwenye ringi pana, kuta za tairi zinatanuka, ukingo wa ringi unabaki wazi kwa mawe. Baki na upana wa kiwandani, au panda hatua moja tu kama tairi lako linaruhusu.

Spoku ndizo zinazoamua kama hela ya ringi imekaa. Unene wake unatajwa kwa geji ya waya ya Kiingereza, na namba ikiwa ndogo spoku ni nene: geji 10 ni milimita 3.25, geji 9 ni 3.66, geji 8 ni 4.06. Usikimbilie nene zaidi. Tundu la habu limetengenezwa kwa unene fulani, na anayekushauri uchonge habu ili spoku nene zipite anakuharibia kitu ambacho hutakipata kwa urahisi. Nunua geji iliyotoka na pikipiki, kwa chuma bora.

Chuma cha pua utakijua kwa sumaku, lakini kwa uangalifu. Spoku ya pua nzuri haikamatwi kwa nguvu kama msumari, ila itavutwa kidogo, kwa sababu waya wake umevutwa ukiwa baridi. Ikiruka na kung'ang'ania sumaku, huenda una chuma cha kawaida kilichopakwa zinki au nikeli. Itafaa, ila bei nayo iwe ya zinki. Kisha tazama kona, pale spoku inapopinda kuingia kwenye habu. Pawe laini, pasiwe na alama ya koleo wala mkunjo mkali, kwa sababu spoku nyingi hukatikia hapohapo. Na hazikatiki kwa kuvutwa sana. Hukatika kwa kulegea: gurudumu likizunguka, spoku iliyolegea inakaza na kuachia, inakaza na kuachia, mpaka kona inachoka. Ndiyo maana ukikuta mbili tatu zimekatika, wenzake nao wako njiani, nunua seti nzima.

Nati za spoku ziwe za shaba ya njano (brass) iliyopakwa nikeli. Za alumini ni nyepesi, za mashindano, na kwenye matope zinagandamana na spoku mpaka zinakatika ukizifungua. Kila uzi upakwe grisi ya kuzuia kugandamana kabla ya kusuka, yaani kufunga spoku kwenye habu na ringi.

Namba 2: ringi na spoku halisi za kampuni

Zinakaa bila mjadala. Unatoa namba ya spea, unaletewa, fundi anasuka. Kasoro ni bei na kusubiri, kwa sababu kwa pikipiki kubwa mzigo hupitia Dar au Nairobi kwanza, kisha unakuja na basi hadi Nyegezi. Kama bei ya jumla inatajwa bila kodi, kumbuka VAT ya kawaida ni asilimia 18 kabla hujafurahi.

Kwa kundi moja, hili linapanda kuwa namba 1: wenye BMW za GS zenye spoku zinazoshika ukingoni mwa ringi na kuvaa tairi lisilo na tyubu. Gurudumu hilo limebuniwa kama kitu kimoja, spoku zake ni za kipekee, na kuanza kubuni mbadala wake mtaani ni kujitafutia kazi. Agiza halisi, na ongeza spoku za akiba kwenye oda hiyohiyo.

Namba 3: ringi ya chuma yenye kromu kutoka India au China

Wapo watakaoshangaa nimeiweka juu hivi. Kwa mwenye XL125, XR150L au pikipiki nyingine ya 125 hadi 150, ambaye hawezi kuisimamisha kazi mwezi mzima akisubiri oda, ringi ya chuma ni jibu la heshima. Ni nzito, na uzito wa gurudumu unausikia kwenye kila shimo kwa sababu shokapu inapata kazi zaidi. Lakini chuma hupinda kabla ya kupasuka, na fundi wa Igoma au Buzuruga anaweza kukirudisha kwa gogo na nyundo ya mpira kiasi cha kukufikisha nyumbani.

Shida ni ukubwa. Maduka ya mjini yamejaa ringi za 17 na 18 za bodaboda, wakati 21 na 19 ni za kutafuta. Hapo ndipo ushauri wa "tuiweke 18 mbele, tairi zipo kila kona" unapokuja. Ukatae. Pikipiki iliyobuniwa kwa 21 mbele ukiishusha hadi 18, pua inashuka, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi kwenye mchanga, na gurudumu dogo linatumbukia kwenye mashimo ambayo lile kubwa lingepita juu yake.

Dukani, ilaze ringi juu ya kaunta ya kioo au kigae, ibonyeze pande zote. Ikicheza, rudisha. Pitisha kidole ndani kwenye ungio lake, ambapo kuna mshono wa kuchomelea: mshono uwe umesawazishwa, usikwaruze, maana utakula tyubu. Angalia kromu ndani ya matundu ya spoku, siyo nje inapong'aa. Ziwa letu ni la maji baridi, hatuna chumvi inayokula vyuma vya watu wa pwani, lakini tope la mbuga la Magu na Misungwi likikauka ndani ya ringi linashika unyevu wiki nzima, na kutu huanzia kwenye matundu hayo.

Namba 4: ringi iliyozibwa ili kutumia tairi lisilo na tyubu

Faida yake ni kubwa: msumari ukiingia unaziba kwa utambi pembeni mwa barabara bila kuvua tairi. Kuna vifaa vya Outex vya Japani, na kuna Alpina ya Italia inayotumia nati zenye mpira wa kuzuia upepo. Ila soma ringi kwanza. Yenye alama MT ina tuta dogo linaloshikilia ukingo wa tairi upepo ukipungua. Yenye WM haina. Kwenye WM, tairi la mbele linaweza kuchomoka kwenye kiti chake upepo ukiisha ghafla, na wewe uko kasi. Mimi siiweki kwa mtu yeyote mwenye WM mbele, hata akibembeleza. Halafu ringi yoyote iliyozibwa, ikipigwa jiwe ukingoni, upepo unatoka, na utahitaji tyubu ya akiba vilevile. Fundi pancha wa Nansio tyubu anaijua.

Namba 5: gurudumu zima lililosukwa tayari

Haan wa Uholanzi na wengine wanauza habu, spoku na ringi vikiwa vimekamilika. Ni kazi safi. Usafiri ni ghali kwa sababu ya ukubwa wa boksi, na habu ikiwa si ya kampuni yako, beringi na spoku zake utaziagiza mbali maisha yote. Kwa mwenye uwezo na anayetaka seti ya pili, sawa.

Za kuacha

Ringi ya mtumba iliyonyooshwa, hasa ya alumini. Rangi mpya huficha ufa, na ufa hujificha kuzunguka matundu ya spoku. Ringi ya spoti ya kumiminwa kwa pikipiki ya njia mbovu, kwa sababu ikipigwa hainyooshwi. Na gurudumu lolote lenye alama ya kuchomelewa.

Kusuka na kukaza

Kanda hii ni nchi ya baiskeli, na baadhi ya mafundi wazuri wa kusuka ringi walianza na baiskeli. Muulize fundi anapimaje. Mzuri atafunga gurudumu kwenye ekseli yake, atasimamisha waya au kipimo karibu na ukingo, atazungusha polepole. Vitabu vya matengenezo vya Honda huweka kikomo cha milimita 2, kwa kuyumba pembeni na kwa kupanda na kushuka. Kwa ringi mpya usikubali ifike huko, dai chini ya 1. Halafu atagonga kila spoku kwa spana ndogo na kusikiliza: zilizokaza sawasawa zinatoa mlio mmoja wa juu, iliyolegea inatoa mlio mfu. Akikaza, ageuze robo mzunguko kwa kila moja, azunguke gurudumu zima, arudie. Anayekaza moja hadi mwisho kabla ya kwenda kwa nyingine anaivuta ringi upande.

Safari ya kwanza iwe fupi, Mwanza hadi Magu na kurudi inatosha, kisha gonga tena spoku zote, kwa sababu spoku mpya hujikalia kwenye habu na kulegea kidogo. Upepo ufuate kibandiko cha pikipiki yako ukiwa na mzigo. Kwenye mchanga unaweza kupunguza, ukitoka upandishe kabla ya kugusa mawe. Na kabla hujaondoka dukani, nunua spoku nne za ziada pamoja na nati zake, mbili za kila upande wa gurudumu la nyuma, uzifunge kwa utepe wa umeme ubavuni mwa fremu pamoja na kispana cha spoku.