Wakili wa mirathi Kitale: kazi safi ila jipangeni na muda

Naandikia wenye mashamba ya familia maana sisi karibu letu litutoke. Tulimpeleka mzee kwa huyu wakili tukidhani ni kitu kidogo tu, aandikiwe wosia wa shamba na ng'ombe basi turudi nyumbani, mzee akatoa ile bahasha yake ya kaki, wakili akafungua hati akasoma jina akamuuliza, "Mzee, huyu ni nani?" Ni babu. Alifariki 1994 na ekari zote 14 bado ziko kwa jina lake!! Akatuambia wazi huwezi kuandikia watoto wosia wa kitu hakijawa chako, tuanze na mirathi ya babu. Mwingine angekula hiyo pesa akanyamaza, mwaka juzi kuna jamaa alituandikia karatasi bila hata kuomba kuona hati na tukamlipa.

Alikuja mpaka nyumbani akakaa na sisi wote chini ya mti. Ba'mdogo anasema babu alimpa kwa mdomo ile sehemu ya mtoni, wakili akamweleza polepole kwamba wosia wa mdomo unataka mashahidi wawili na mwenyewe awe amefariki ndani ya miezi 3 tangu auseme, na babu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Halafu mashangazi, barua ya chifu ya kutaja warithi ilikuwa imewaruka wote wawili eti wameolewa, akakataa kabisa kuipeleka kortini hadi majina yao yaingie, sheria ya urithi ya Kenya haibagui binti aliyeolewa. Shangazi mkubwa alilia, akasema hajawahi kuulizwa neno juu ya shamba alilolipalilia toka utotoni.

Ubaya sasa ni muda. Tangazo kwa gazeti la serikali siku 30, ukipata granti (kibali cha korti cha kusimamia mali ya marehemu) ungoje tena miezi 6 ndio ithibitishwe, halafu sorveya aje apime. Hapo ni sheria, simlaumu, lakini simu za ofisi hazishikwi na nimesafiri mara mbili bure nikakuta faili haijaguswa, hiyo warekebishe jamani. Bei si ya chini, tuliuza ng'ombe mmoja, ila alikubali tulipe kidogo kidogo na risiti unapewa kila mara.

Nampa nyota 4. Hati ya baba ya ekari zake 3 na nusu ilitoka mwezi jana, Jumatatu tunarudi kwa wosia wenyewe, na mashahidi ni majirani wawili ambao hawarithi chochote.