Mpango wa chakula wa Disney World: nani anunue, nani aache

Kabla hujaangalia bei, angalia tarehe za kuzaliwa za watoto. Katika hoteli za Walt Disney World kule Orlando, Florida, mwenye miaka 3 hadi 9 ni mtoto. Akitimiza 10 anakuwa mtu mzima mbele ya sahani, hata kama nyumbani bado anabembelezwa amalizie ubwabwa. Aliye chini ya miaka 3 halipiwi; anadokoa kwa mzazi. Familia nyingi huanza kwa kuuliza "tutakaa siku ngapi?" na hapo ndipo wanapoteleza. Mimi naanza na swali la nani ana miaka 10.

Mpango wenyewe uko hivi: unalipia milo ya safari kabla ya kufika. Ulisimama mwaka 2020 wakati wa korona, ukarejea tarehe 9 Januari 2024 ukiwa wa aina mbili. Unauzwa pamoja na chumba cha hoteli ya Disney tu, na unahesabiwa kwa usiku mnaolala. Kila mtu anapata idadi ya milo. Tuiite kuponi, ingawa zinakaa kwenye akaunti ya chumba na hushiki karatasi yoyote.

Mpango mdogo unakupa kwa kila usiku milo miwili ya kaunta, yaani unaagiza, unabeba sinia lako, unatafuta meza. Juu yake kuna kitafunwa kimoja. Mpango mkubwa unakupa mlo mmoja wa kaunta, mlo mmoja wa kuketi na kuhudumiwa, na kitafunwa. Yote miwili ina kikombe cha kujaza soda, chai au kahawa, lakini kikombe hicho ni cha kujazia hotelini. Ukikibeba kwenye bustani kubwa za michezo za Disney umebeba plastiki.

Bei za mwaka 2024, kwa usiku mmoja: mpango mdogo dola 57.01 kwa mtu mzima na 23.83 kwa mtoto. Mkubwa dola 94.28 kwa mtu mzima na 29.69 kwa mtoto. Tangu hapo bei zimeendelea kusogea, kwa hiyo chukua hesabu zangu kama kielelezo, kisha uweke bei za tarehe zako.

Baba, mama, mtoto wa miaka 12 na wa miaka 7, usiku nne. Mpango mkubwa: dola 1,250.12. Sasa chukua familia ileile, ila yule mkubwa ana miaka 9 badala ya 12: dola 991.76. Tofauti ni dola 258 na ushei kwa sababu ya mtoto mmoja, ambaye pengine anakula vilevile, kuku wa kukaanga na chipsi. Na kwa wanaofika mwaka 2026 Disney ilitangaza kwamba watoto wa miaka 3 hadi 9 wanapewa mpango bure pale wakubwa wao wanaponunua kifurushi cha hoteli chenye mpango. Hapo pengo linazidi kuwa bonde.

Jambo la pili watu hulisahau: pombe. Kwa aliyefikisha miaka 21, kinywaji kinachokuja na mlo kinaweza kuwa bia, divai au kokteli, na bei ya mtu mzima imepangwa kwa kujua hivyo. Nyumba isiyo na mnywaji inalipia glasi ambazo haitazigusa. Unaweza kuchukua maziwa yaliyosagwa na aiskrimu badala yake, sawa, lakini nani anakunywa hayo mara mbili kwa siku kwenye joto la Florida?

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninaoupendekeza zaidi.

Kwanza: usinunue mpango, kunywa chai chumbani, lipa mlo mmoja mkubwa kwa siku

Kwa familia nyingi ninazozijua, hili ndilo jibu. Watu wengi hawajui kwamba Disney inaruhusu kuingia bustanini na chakula chako. Chupa za vioo na pombe ndivyo vinavyorudishwa getini. Chapati zilizofungwa kwenye foili, mayai ya kuchemsha, matunda, sambusa za jana, vyote vinapita. Maji ya baridi unaomba bure kwenye kaunta za chakula, kwa hiyo usinunue chupa. Vyumba vina friji ndogo. Ukitaka na maikrowevu, tafuta zile suti za familia za All-Star Music au Art of Animation.

Mlo wa kaunta wa mtu mzima pamoja na soda ni takriban dola 20. Milo miwili ni 40, weka kitafunwa, bado hujafika 57. Ndiyo maana mpango mdogo haunishawishi, na ukikata mlo mmoja kwa kubeba chakula chako, hauna tena hoja. Kuna na hili: watoto wakishachoka jua hawali. Fedha iliyo mfukoni inasubiri kesho. Kuponi zinakufa saa sita usiku siku ya kuondoka. Safari yetu ya kwanza nilijikuta usiku wa mwisho kwenye duka la hoteli nikimaliza kuponi kumi na moja za vitafunwa kwa biskuti na peremende, kama mtu anayekimbia na mali ya urithi. Zilifika nyumbani zimepondeka.

Pili: mpango mkubwa, kama watoto wote hawajafika 10

Hapa nabadilika. Kama tayari mmekubaliana kwamba watoto lazima wale pamoja na Mickey, yule panya wa katuni, na wenzake, hesabu inageuka. Bufee ya usiku ya mtoto kwenye migahawa ya namna hiyo inazidi dola 30 peke yake, yaani imeshavuka bei ya siku nzima ya mpango wake. Wakubwa wanapoteza kidogo, watoto wanarudisha.

Ila masharti yasome kama mkataba wa shamba. Bakshishi haimo, asilimia 18 hadi 20 ya bili unaitoa mwenyewe, na mkiwa watu 6 au zaidi, 18 inawekwa moja kwa moja. Migahawa ya kifahari inakula kuponi mbili kwa mlo mmoja. Kwa mwenye kuhesabu, kupeleka kuponi mbili huko ni kuzitupa. Na mpango haukuhakikishii meza: nafasi zinafunguliwa siku 60 kabla ya kuwasili, na migahawa ya Mickey hujaa haraka. Mwenye kuponi bila nafasi anazunguka na njaa yake akiwa tajiri.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna kishawishi chetu. Hoteli ya Animal Kingdom Lodge ina majengo yanayoitwa Jambo House na Kidani Village, na migahawa yake ni Boma, Jiko, Sanaa na Mara. Ukiwa na bibi aliyetoka Nakuru au Tanga, utasimama mlangoni ukicheka. (Huko Kenya "kupata jiko" ni kuoa. Jaribu kumweleza mhudumu kwa nini shemeji zako wanapigana vikumbo mbele ya kibao.) Kwa mpango: Boma ni bufee ya vyakula vya Kiafrika na ni kuponi moja, thamani nzuri sana. Sanaa pia moja. Pale agiza seti ya mikate na vitoweo vyake, ukae dirishani uangalie twiga wakipita. Jiko ni mbili. Mara ni ya kaunta. Waislamu mjihadhari na kitindamlo maarufu cha Boma kiitwacho Zebra Domes: kina pombe ya Amarula, na kwa sura huwezi kujua. Kwa nyama ya halali, wasiliana na mgahawa mapema. Ya kuketi inasaidia zaidi kuliko kaunta, kwa sababu unaweza kuongea na mpishi.

Tatu: nyumba ya kupanga yenye jiko, Kissimmee (mji jirani na Disney World)

Kwa ukoo wa watu saba na kuendelea hii ingepanda hadi ya kwanza. Hamtapata mpango wa chakula maana hamko hoteli ya Disney, lakini sufuria la wali na maharage linamaliza mjadala. Gharama yake imejificha kwingine: gari la kukodi, maegesho ya kila siku bustanini, na mtu mmoja, mara nyingi mama, ambaye yuko likizo huku anaosha vyombo. Mkubaliane zamu kabla ya kulipa.

Nne: mpango mdogo

Unamfaa nani? Wakubwa wanaokunywa bia na kila mlo, na wanaopenda kujua gharama yote imelipwa kabla ya kupanda ndege. Hilo la pili si dogo. Najua baba mmoja ambaye hawezi kufurahia kitu akiwa anaona bei. Kwake kulipa mapema ni dawa. Kwa wengine, nunua kadi ya zawadi ya Disney yenye kiasi kilekile. Utapata utulivu uleule, na kitakachobaki hakiozi.

Kuhusu bibi na babu. Kila mwenye miaka 3 na kuendelea kwenye buking moja lazima awe kwenye mpango uleule, wala hakuna bei ya wazee. Bibi anayeshiba kwa chai na nusu ya ndizi atalipiwa dola 94 (kwa bei ile ya 2024) kama kijana wa miaka 20. Kama mnachukua vyumba viwili, wekeni buking mbili: chumba cha bibi bila mpango, cha watoto na mpango. Msimweke bibi na wajukuu kwenye buking moja kwa sababu tu wanapendana.

Na hesabu asubuhi. Usiku nne ni siku tano kamili, lakini kuponi ni za usiku nne. Mpango mkubwa ni milo miwili kwa usiku, kwa hiyo ni milo minane kwa siku tano. Kifungua kinywa hakina kuponi yake ya ziada, hivyo hata mwenye mpango aende na pakiti ya chai, sukari na mkate. Salio la kuponi linachapishwa chini ya risiti ya kila mlo. Mpe mtoto wa miaka 12 kazi ya kulisoma kwa sauti kila mkimaliza kula; ndiye mnayemlipia bei ya mtu mzima.