Huduma ya fiziotherapia Mtwara mjini: mguu wangu ulipoteguka

Nilikuwa nikishuka kwenye boti iliyotoka Msangamkuu, ndoo ya samaki mkononi, wayo wa kulia ulipopinda kwa ndani na upande wa nje wa kifundo ukaniuma hadi nikakaa chini palepale mchangani. Jioni hiyo nilikubali kuchuliwa kwa nguvu kwa mafuta ya moto, jambo nisilomshauri mtu katika siku za mwanzo, kwani joto na kuchua huongeza uvimbe. Kulipokucha hata kandambili haikuingia.

Kituo nilichokwenda kiko karibu na Soko Kuu. Mtaalamu, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, aliniamkia, akanipa pole, kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote: alipima kabla ya kutibu. Alibonyeza kwa kidole gumba ukingo wa nyuma wa mifupa miwili iliyotokeza kifundoni, akanitaka nitembee hatua nne, nami nikazimaliza kwa kuchechemea. Alieleza kwamba utaratibu huo ulitolewa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na kwamba mgonjwa anayeumia mfupa unapobonyezwa, au anayeshindwa hatua hizo nne, ndiye anayehitaji eksirei. Mimi sikuhitaji, na fedha yangu ikabaki mfukoni.

Siku ya tano aliniita tena, kwa kuwa uvimbe wa mwanzo huficha ulegevu wa kiungo. Alishika kisigino, akauvuta wayo mbele taratibu, akalinganisha na mguu mzima. Ligamenti, alisema, ni nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Katika daraja la kwanza la kuteguka nyuzi hizo huvutika tu na kiungo hubaki imara. Katika la pili baadhi huchanika, damu ikavilia chini ya ngozi na kiungo kikalegea kiasi. Katika la tatu ligamenti hukatika kabisa, kiungo kikawa kinacheza, na kupona huweza kuchukua miezi. Wangu ulikuwa wa daraja la pili. Nilipomuuliza kama ukali wa maumivu ungetosha kunijulisha hayo, alikataa: maumivu peke yake hayatoshi kupima.

Matibabu yenyewe yalikuwa ya kawaida: bandeji ya kuvutika, mguu kuinuliwa juu ya mito, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20. Baadaye yakaja mazoezi ya kuandika herufi hewani kwa dole gumba la mguu, kisha kusimama kwa mguu mmoja, ambalo ni gumu kuliko linavyosikika. Wiki ya sita nilisimama darasani vipindi vyote bila bandeji.

Kasoro zipo. Karatasi ya mazoezi imeandikwa kwa Kiingereza, picha zake zimefifia, na mara mbili nilisubiri zaidi ya saa nzima ilhali nilikuwa na miadi. Kubwa zaidi, kituo cha watu wenye miguu mibovu kimewekwa ghorofani. Ngazi ni 18. Nilizihesabu siku ya kwanza, nikizipanda kwa kukalia moja baada ya nyingine. Nawapa nyota nne kati ya tano, na ya tano nitaiongeza watakapopata chumba cha chini.