Alkali Flat, White Sands: hifadhi nyota 5, mipango yetu nyota 2

Naishi Texas mwaka wa sita sasa na White Sands, ile hifadhi ya matuta ya mchanga mweupe huko New Mexico, jimbo jirani, nilikuwa naichukulia kama sehemu ya kupiga picha tu, unashuka kwenye gari, unaruka juu mara mbili, unaposti, umemaliza. Mwezi wa kumi tukaenda, mimi, wife na shemeji yangu aliyekuwa ametoka Morogoro wiki tatu tu nyuma, na tukaamua kutembea ile njia ndefu ya Alkali Flat, kama kilomita 8 kwenda na kurudi.

Jina lisikudanganye. Flat ni tambarare, sawa, lakini hiyo tambarare ni kule mwisho ambako zamani za kale kulikuwa na ziwa. Kufika huko ni kupanda tuta, kushuka tuta, kupanda tuta, kushuka tuta, mchanga unakumeza mpaka kifundo cha mguu. Mimi mazoezi nafanya lakini kwenye tuta la kumi na kitu nilikuwa nahema kama mbuzi wa mnadani.

Sasa huo mchanga wenyewe sio mchanga wa kawaida, ni jasi, yaani jipsam ile ile tunayopigia dari nyumbani, imejaa zaidi ya kilomita za mraba 700, hakuna jangwa la jasi kubwa kuliko hili duniani. Na haushiki joto! Shemeji alivua viatu akasema aisee baridi kama sakafu ya msikiti, akaenda peku robo tatu ya safari. Hapo ndipo mtego ulipo. Miguu inakwambia mambo safi, kumbe jua linakupiga kutoka juu na weupe wa chini unakurudishia tena. Jioni shem alikuwa ameungua chini ya kidevu, sehemu ambayo mtu hata hawazi kupaka losheni, na asikudanganye mtu kwamba sisi weusi hatuungui.

Maji. Tulibeba lita 6 kwa watu watatu na nikajiona mjanja. Kinachoshauriwa ni galoni moja kwa kila mtu, karibu lita 4, na maji ya bomba yapo pale kwenye kituo cha wageni mlangoni tu, ukishaingia ndani hakuna tena. Kivuli njiani nacho hakuna hata cha kumficha paka. Tulipofika nusu wife akahesabu chupa, akaniangalia, hakusema kitu, tukageuza. Kwa hiyo ndiyo, hatukumaliza, na sioni aibu kusema. Mwaka 2015 mwezi wa nane wazazi wawili kutoka Ufaransa walifia kwenye njia hii hii kwa joto, mtoto wao akapona. Askari wa hifadhi wanashauri usianze kabisa kutembea kama joto limefika 30, kwa hizi Fahrenheit za huku ni 85, kwa hiyo wale wa kupanga safari ya mwezi wa saba kwa sababu ndio likizo ya watoto, fikirieni tena.

Njia haina njia, kama mnanielewa. Upepo unafuta nyayo, unafuata nguzo zenye alama nyekundu, na sheria ni kwamba ukifika kwenye nguzo moja na huioni inayofuata, rudi ulikotoka, usibahatishe. Kule kote matuta yanafanana. Na ukiona chuma cha ajabu kimelala mchangani usiguse, eneo lote limezungukwa na uwanja wa jeshi wa kujaribia makombora. Wakiwa na majaribio barabara ya kuingilia inafungwa, inaweza kufika masaa matatu, kwa hiyo angalia tovuti yao siku moja kabla, usije ukaendesha kutoka Dallas masaa kumi ukakaa getini.

Halafu kuna hii ya choroa, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu. Kumbe New Mexico walileta choroa wa Kalahari wakaachia porini kati ya 1969 na 1977, hawakufika hata mia, ili watu wawinde, sasa hivi wako maelfu. Hifadhi ikabidi iwekewe uzio kuwazuia, ndio maana sisi hatukuwaona. Shem akasema basi kuna Waafrika wenzake walioingia bila kupanga foleni ya viza.

Ukiongelea viza, na hili wazungu hawakuandikii: ukitoka pale kuelekea Las Cruces kwa barabara ya 70 kuna kituo cha ukaguzi cha uhamiaji. Kila mtu kwenye gari awe na karatasi zake mkononi, sio zimebaki motelini. Shem alitaka kuacha pasipoti, dada yake akamgomea. Tulivuka dakika mbili.

Kiingilio dola 25 kwa gari, inatumika siku 7. Lala Alamogordo, ni karibu, geti linafunguliwa saa moja asubuhi, uwe juu ya matuta saa moja na nusu. Beba chakula chako, sisi tulikuwa na chapati na mayai ya kuchemsha, tukalia kwenye vile vibanda vya bati vilivyopinda kama tanga, kivuli pekee tulichokiona siku nzima. Mwezi wa pili tunarudi kumalizia, galoni anabeba shem.