Mabanda ya KWS likizo ya Aprili: lipi uchukue, lipi uache kwanza

Watu wakitafuta banda la Pasaka, yaani nyumba ya kulala ndani ya mbuga za KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), wanaangalia picha na bei, mimi nawaambia angalieni barabara kwanza, maana Machi mpaka Mei ni masika na banda liwe zuri namna gani halikusaidii gari likikwama kwa matope hujafika hata nusu ya njia. Na mjue kiingilio cha mbuga kinalipwa kando kwa kila mtu, malipo ni kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, so piga hesabu yote pamoja kabla hujabuki.

Namba moja kwangu ni Sirimon, Mlima Kenya. Nyumba ziko karibu na geti kabisa, huna safari ya matope ndani, na Nanyuki si mbali ukisahau kitu. Lakini baridi ya huko si ya mchezo! Mkifika tu, hata mizigo hamjashusha, ulizieni kuni kavu zilizokaa chini ya paa, shika mbili uzigonganishe, zikilia kwa sauti kali chukua, zikiwa nzito na maganda yamelowa hizo ni moshi usiku mzima na watoto watalala na majaketi. Na amkeni mapema, mlima unaonekana asubuhi kabla mawingu hayajapanda.

Ya pili ni Kapkuro, Mlima Elgon, unaingilia geti la Chorlim upande wa Kitale. Huku watu wanapasahau na inaniuma, kwa sababu kuna pango la Kitum, tembo wanaingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe na alama ziko ukutani unazigusa kwa mkono. Udongo unateleza, enda na 4x4.

Kama hampendi baridi basi mbuga ya Meru, mabanda ya Murera pale karibu na geti. Ni joto, bebeni dawa ya mbu, na mbung'o wanauma hata juu ya nguo so acheni nguo za bluu na nyeusi.

Nyumba inayoitwa Naishi, mbuga ya Ziwa Nakuru, ni ya kundi kubwa, mkigawana bei inashuka vizuri. Chakula kisikae nje, nyani hawaombi.

Fishing Lodge ya Aberdare naipenda kuliko zote hizi, ila Aprili hapana jamani, ukungu na utelezi vinakula siku zenu zote. Ibukini ya Januari au Februari, maporomoko ya Karuru ni mita 273 na wakati huo mnayaona kutoka juu hadi chini.